Kupokea Maneno ya Mtumiaji katika Skripti za Sheli: Ritifaa, Kinyota na Jibu la "Ndiyo"

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna skripti za sheli katika mfumo wa Unix na mifumo iliyotokana nao inavyopokea maneno yanayoandikwa na mtumiaji. Amri inayochunguzwa ni read. Hoja ya msingi ni kwamba maneno ya mtumiaji ni data wala si amri. Kwa hiyo yanapaswa kupokelewa bila kubadilishwa, kukaguliwa kabla ya kutumiwa, na kunyimwa nafasi ya kuamuru. Mifano imechukuliwa katika kazi ya ukusanyaji wa msamiati wa Kiswahili, ambamo ritifaa ya ng', kinyota cha sentensi isiyokubalika na herufi ya kwanza ya neno "ndiyo" hudhihirisha mapema kasoro za skripti iliyoandikwa kwa haraka.

1.0 UTANGULIZI

Sheli ni programu inayosimama kati ya mtumiaji na kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Jina lake lina maana ya ganda, kwa kuwa programu hiyo hukifunika kiini na kuwa sehemu ambayo mtumiaji hukutana nayo kwanza. Sheli husoma amri, huzifasiri, kisha huzipeleka zitekelezwe. Amri hizo zikiandikwa kwa mfuatano katika faili la matini, faili hilo huitwa skripti.

Sheli iliyoweka msingi wa zile zinazotumika zaidi leo iliandikwa na Stephen Bourne katika maabara za Bell nchini Marekani, ikatolewa pamoja na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa sheli ya bash kwa ajili ya mradi wa GNU, na mwaka 1992 kiwango cha POSIX kiliweka bayana mambo ambayo kila sheli ya jamii hiyo inapaswa kuyatimiza. Amri ya read imo katika sheli hizo zote.

Kwa mwanaisimu, skripti ni chombo cha kazi. Orodha za maneno, matini za masimulizi na rekodi za kamusi ni mafaili ya matini, na sheli iliundwa kushughulikia mafaili ya namna hiyo. Hata hivyo, chombo hiki kina tabia moja inayohitaji tahadhari. Katika sheli, amri na data huandikwa kwa herufi zilezile na hukaa katika mstari mmoja. Ritifaa, kinyota, nafasi na mkwaju ni alama za maandishi kwa mtafiti, lakini kwa sheli ni alama za sarufi. Skripti isiyotenganisha mambo hayo mawili huweza kuharibu data bila kutoa onyo lolote, na mtafiti akagundua hasara baada ya kurudi kutoka uwandani, wakati msemaji aliyehojiwa hapatikani tena.

2.0 AMRI YA READ

2.1 Umbo la Msingi

Amri ya read husoma mstari mmoja kutoka katika ingizo sanifu, ambalo kwa kawaida ni kibodi, na kuuhifadhi katika kigeu. Kigeu ni jina linaloshika thamani. Mfano:

    printf 'Andika neno: ' >&2
    read neno
    printf '%s\n' "$neno"

Mstari wa kwanza huonyesha swali, wa pili hungoja jibu, na wa tatu huchapisha kilichoandikwa. Alama >&2 hupeleka swali katika mkondo wa ujumbe badala ya mkondo wa matokeo. Hivyo, matokeo ya skripti yakielekezwa katika faili, maswali hayataingia humo na kuchanganyika na data. Katika bash swali huweza pia kuandikwa kwa chaguo la -p, lakini katika sheli ya Korn chaguo hilohilo lina kazi nyingine kabisa. Kwa skripti itakayotumika katika kompyuta tofauti, printf ni njia ya uhakika zaidi.

2.2 Nafasi na Mkwaju wa Kinyume

Katika umbo hilo la msingi, read haihifadhi kila kilichoandikwa. Kwanza, huondoa nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni mwa mstari. Pili, huuchukulia mkwaju wa kinyume (\) kuwa ni alama ya kuilinda herufi inayofuata, kisha huuondoa. Mkwaju huo ukiwa mwishoni mwa mstari, huunganisha mstari huo na unaofuata.

Madhara ya tabia hizi si ya kinadharia tu. Programu ya Shoebox, iliyotengenezwa na shirika la SIL na kutumiwa na wanaisimu wengi wa uwandani, pamoja na Toolbox iliyoifuata, huweka kila kipengele cha rekodi ya kamusi chini ya alama inayoanza kwa mkwaju wa kinyume: \lx kwa kidahizo, \ps kwa aina ya neno, \ge kwa tafsiri. Mstari "\lx ng'ombe" ukisomwa kwa read pekee, kinachohifadhiwa ni "lx ng'ombe". Mkwaju umepotea, na rekodi haitambuliki tena. Vivyo hivyo, mishororo ya ushairi iliyoandikwa kwa kuingizwa ndani ya ukurasa itapoteza mpangilio wake.

Tiba ya kasoro hizo mbili ni fupi:

    IFS= read -r mstari

Chaguo la -r huagiza kwamba mkwaju uachwe kama ulivyo. Kigeu cha IFS ndicho kinachoorodhesha alama za kutenganisha maneno, na kikiachwa kitupu, hakuna nafasi itakayoondolewa. Kwa kuwa IFS imeandikwa katika mstari mmoja na read, mabadiliko hayo huihusu amri hiyo peke yake.

Kigeu hicho pia hutumika kugawa rekodi. Iwapo kila mstari una kidahizo, ngeli na maana vilivyotenganishwa kwa nukta pacha, amri ifuatayo huvipokea katika vigeu vitatu:

    IFS=: read -r neno ngeli maana

Kigeu cha mwisho hupokea sehemu yote iliyobaki. Kwa hiyo nukta pacha iliyo ndani ya maelezo ya maana haitayakata maelezo hayo, mradi maana iwe ya mwisho katika orodha.

2.3 Mwisho wa Faili

Kila amri ya sheli hutoa thamani inayoonyesha kama imefaulu au la. Amri ya read hufaulu ikipata mstari kamili, na hushindwa ikifika mwisho wa ingizo. Mtumiaji naye huweza kuashiria mwisho huo kwa kubonyeza Ctrl na D kwa pamoja. Thamani hii ndiyo inayowezesha kusoma faili zima kwa kurudiarudia:

    while IFS= read -r neno
    do
        printf '%s\n' "$neno"
    done <orodha

Hata hivyo, iwapo mstari wa mwisho wa faili hauna alama ya kumalizia mstari, read huhifadhi maneno yake lakini hutoa thamani ya kushindwa. Marudio hukoma papo hapo, na neno la mwisho halichapishwi. Orodha ya maneno 500 hutoka na maneno 499. Sharti la pili huziba pengo hilo:

    while IFS= read -r neno || [ -n "$neno" ]

Maana yake ni kwamba marudio yaendelee iwapo mstari umesomwa, au iwapo kigeu kimebaki na kitu ndani yake.

3.0 MANENO BAADA YA KUPOKELEWA

3.1 Kinyota na Alama ya Kuuliza

Maneno yakishapokelewa salama, huweza bado kuharibika wakati wa kutumiwa. Sheli ikikutana na kigeu kisichozungukwa na alama za kunukuu, huigawa thamani yake kwa kufuata nafasi, kisha huchunguza kama kila kipande ni ruwaza ya majina ya mafaili. Kinyota huwakilisha herufi zozote, na alama ya kuuliza huwakilisha herufi moja.

Alama hizo mbili ndizo wanaisimu wanazozitumia kuonyesha sentensi isiyokubalika na sentensi yenye mashaka. Iwapo mtafiti ataandika

    * Mtoto zinacheza

na skripti ikawa na amri echo $sentensi, kinyota kitatoweka na mahali pake patajaa majina ya mafaili yote yaliyomo katika saraka anayofanyia kazi. Iwapo kinyota kimeshikamana na neno, *Mtoto, sheli itatafuta mafaili yote yanayoishia kwa "Mtoto". Likikosekana, sentensi hupita salama. Jambo hili ni la hatari zaidi kwa sababu skripti itaonekana ni nzima katika majaribio, kisha ikosee siku ambayo faili lenye jina la namna hiyo limo katika saraka.

Kanuni inayofuata ni kwamba kigeu chenye maneno ya mtumiaji kizungukwe na alama za kunukuu mbilimbili kila kinapotumiwa kama hoja ya amri: "$sentensi". Aidha, printf itumiwe badala ya echo, kwa kuwa baadhi ya sheli huifanya echo ifasiri mikwaju ya kinyume, na nyingine huichukulia -n kuwa ni chaguo hata pale ambapo ni maneno ya mtumiaji.

3.2 Ritifaa ya ng'

Katika Kiswahili sanifu ritifaa hutofautisha fonimu. Ng'oa ni kukitoa kitu kilichosimikwa au kilichoota ardhini, ilhali ngoa ni tamaa au wivu. Kuipoteza ritifaa ni kuliandika neno jingine.

Baadhi ya waandishi wa skripti huihofia ritifaa mahali isipo na madhara. Amri ya read haiipi maana yoyote, na neno ng'ombe likishahifadhiwa katika kigeu, ritifaa yake haifasiriwi tena pale kigeu kinapotumiwa kwa kawaida. Hatari hutokea pale tu thamani ya kigeu inaporudishwa kwa sheli isomwe upya kama amri. Ndivyo inavyofanya amri ya eval, na ndivyo inavyofanya sh -c ikiwa kigeu kimeunganishwa ndani ya matini ya amri. Amri ya xargs nayo, katika hali yake ya kawaida, huzifasiri ritifaa za mistari inayopewa.

Matokeo yake hutegemea idadi ya ritifaa. Iwapo mtumiaji ameandika neno ng'ombe peke yake, amri

    eval "echo $neno"

hutoa ujumbe wa kosa, kwa sababu ritifaa imefunguliwa bila kufungwa. Iwapo ameandika "ng'oa ng'ombe", ritifaa ya kwanza hufungua nukuu na ya pili huifunga. Sheli huridhika, huziondoa zote mbili, na kuchapisha

    ngoa ngombe

Hakuna ujumbe wa kosa. Kwa hiyo kosa la ritifaa moja humsimamisha mtafiti na kumwonya, lakini kosa la ritifaa mbili humwacha aendelee na kazi huku msamiati wake ukiharibika.

3.3 Data Inayoamuru

Hasara ya ritifaa ni dalili ndogo ya tatizo kubwa zaidi. Amri ileile ya eval ikipewa maneno "mtu; rm -r kamusi", itachapisha neno mtu, kisha itaifuta saraka ya kamusi pamoja na vyote vilivyomo. Nukta mkato ilikuwa sehemu ya jibu la mtumiaji, lakini skripti imeipa mamlaka ya kuanzisha amri mpya. Si lazima mtumiaji awe na nia mbaya, kwani mstari ulionakiliwa kimakosa kutoka kwingineko huweza kuleta madhara hayohayo.

Ukubwa wa tatizo hili ulidhihirika duniani kote mwezi Septemba 2014, ilipotangazwa kasoro ya bash iliyogunduliwa na Stéphane Chazelas na kujulikana kwa jina la Shellshock. Sheli hiyo iliruhusu fasili za vitendaji kupokelewa kupitia vigeu vya mazingira, lakini haikukoma mahali fasili ilipoishia. Iliendelea kuyatekeleza maneno yaliyofuata. Kwa kuwa baadhi ya seva za wavuti ziliweka maelezo ya ombi la mgeni katika vigeu hivyo, mtu wa mbali asiye na ruhusa yoyote aliweza kuandika amri ndani ya ombi lake na ikatekelezwa. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa ndani ya bash kwa takriban miaka 25. Haikuhusu amri ya read, lakini chanzo chake ni kilekile, yaani kukosekana kwa mpaka kati ya kinachosomwa na kinachotekelezwa.

4.0 KUULIZA NA KUKAGUA

4.1 Swali la "Ndiyo" na "Hapana"

Skripti nyingi huomba uthibitisho kwa herufi moja, y au n, kwa kufuata maneno ya Kiingereza. Kwa mtumiaji wa Kiswahili, n ni herufi ya kwanza ya neno ndiyo. Swali likitafsiriwa na herufi zikaachwa vilevile, atakayebonyeza n kwa maana ya kukubali atakuwa amekataa. Iwapo swali ni "Je, kazi ihifadhiwe?", jibu hilo la kukubali litaipoteza kazi yake. Kiwango cha POSIX kinatambua kwamba majibu hutofautiana kwa lugha, ndiyo maana amri ya locale yesexpr huonyesha ruwaza ya jibu la kukubali katika lugha iliyochaguliwa. Hata hivyo, skripti zinazolinganisha herufi zenyewe moja kwa moja haziitazami ruwaza hiyo.

Suala la pili ni la kipragmatiki. Katika Kiswahili, "ndiyo" hukubaliana na kauli iliyomo katika swali, iwe yakinishi au kanushi. Anayeulizwa "Hutaki kuhifadhi?" akajibu "Ndiyo", kwa kawaida amemaanisha kwamba hataki. Mtunzi wa skripti aliyezoea lugha yenye utaratibu mwingine atalifasiri jibu hilo kinyume. Kwa hiyo inafaa swali liwe yakinishi, jibu liwe neno zima, na jibu lisiloeleweka lisichukuliwe kuwa ni ruhusa:

    printf 'Je, rekodi ifutwe? (ndiyo/hapana) ' >&2
    read -r jibu || exit 1
    case $jibu in
        ndiyo|Ndiyo|ndio|Ndio) rm -- "$rekodi" ;;
        hapana|Hapana|la|La) echo 'Imeachwa.' >&2 ;;
        *) echo 'Jibu halikueleweka; imeachwa.' >&2 ;;
    esac

Katika mfano huu IFS haikuachwa tupu, na hilo limefanywa kwa makusudi. Nafasi iliyo mwanzoni mwa mshororo wa shairi ni data, lakini nafasi iliyofuata neno "ndiyo" kwa bahati mbaya si sehemu ya jibu. Anayeamua nafasi ipi ibaki ni mtunzi anayeijua kazi yake.

4.2 Kuuliza Ndani ya Orodha

Kazi ya kawaida ya leksikografia ni kupitia orodha na kumwuliza mtafiti swali juu ya kila neno, kwa mfano ngeli yake. Hapa hutokea kosa ambalo huwapata hata wenye uzoefu. Ndani ya marudio yanayosoma faili la orodha, ingizo sanifu si kibodi tena bali ni faili hilo. Amri ya pili ya read, iliyokusudiwa kupokea ngeli, haitamngoja mtafiti. Itachukua mstari unaofuata wa orodha. Orodha ikiwa na mtu, kiti, embe na ng'ombe, skripti itaandika kwamba ngeli ya mtu ni kiti, na ngeli ya embe ni ng'ombe. Nusu ya msamiati itakuwa imegeuzwa majibu.

Suluhisho ni kuielekeza amri ya pili isome kutoka /dev/tty, yaani kutoka kwa mtumiaji mwenyewe:

    while IFS= read -r neno || [ -n "$neno" ]
    do
        printf 'Ngeli ya "%s": ' "$neno" >&2
        read -r ngeli </dev/tty || exit 1
        case $ngeli in
            [1-9]|1[014-8])
                printf '%s:%s\n' "$neno" "$ngeli" ;;
            *)
                printf '%s\n' "$neno" >>mashaka ;;
        esac
    done <orodha >matokeo

4.3 Ukaguzi

Mfano huo unaonyesha pia namna ya kukagua. Ruwaza iliyomo inakubali namba 1 hadi 11 na 14 hadi 18, kwa kufuata uhesabuji wa ngeli za Kibantu ambamo ngeli za 12 na 13 hazimo katika Kiswahili sanifu. Kinachokubaliwa kimetajwa, na kingine chochote huwekwa kando katika faili la mashaka badala ya kutupwa. Kutaja yanayokubalika ni njia salama kuliko kujaribu kuorodhesha yote yasiyofaa, kwa sababu orodha ya yasiyofaa haina mwisho.

Ukaguzi wa ritifaa unastahili nafasi yake. Programu nyingi za uandishi na simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Kwa jicho la msomaji alama hizo ni moja, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Hivyo ng'ombe na ng’ombe huwa vidahizo viwili, na utafutaji wa kimoja haukipati cha pili. Inafaa umbo moja lichaguliwe tangu mwanzo wa mradi na maneno yote yasawazishwe yanapoingia:

    neno=$(printf '%s\n' "$neno" | sed "s/’/'/g")

Usawazishaji huu ni badiliko la data, lakini ni badiliko lililokusudiwa, linalojulikana na linaloweza kuelezwa katika utangulizi wa kamusi. Hilo ndilo linalolitofautisha na mabadiliko yanayofanywa na read isiyo na -r au na eval.

5.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba usalama wa maneno ya mtumiaji katika skripti ya sheli hutegemea hatua tatu. Katika kupokea, IFS na -r huhakikisha kwamba kilichohifadhiwa ndicho kilichoandikwa. Katika kukagua, ruwaza huainisha kinachokubalika na kukiweka kando kilichobaki. Katika kutumia, alama za kunukuu na kuepukwa kwa eval huizuia data isigeuke amri.

Kwa watafiti wa Kiswahili, jaribio la kwanza la skripti yoyote ya kukusanya msamiati halihitaji utaalamu mkubwa. Inatosha kuipa mistari mitatu: mmoja wenye "ng'oa ng'ombe", wa pili wenye kinyota kilichofuatwa na nafasi na sentensi, na wa tatu wenye mkwaju wa kinyume. Iwapo mistari hiyo itatoka kama ilivyoingia, skripti imevuka hatua ya mwanzo ya kuaminika. Iwapo hata alama moja imepungua, isipelekwe uwandani.